Mtutu Mrefu Niliokuchagulia

Riziki mwanangu,

Sasa hivi uko kanisani, wenzako wa kwaya wanakuaga kwa soda na keki, na mimi nimebaki hapa jikoni, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Nimetoka zamu saa nane mchana. Leo tulikuwa wawili tu kwa ghorofa nzima, na mgongo wangu unamkumbuka kila mzee niliyemwinua. Kesho saa nne Roy, baba wa rafiki yako Jodi, atafika na gari lake kukupeleka kwao kaskazini. Nikisubiri mpaka kesho ndipo niseme, nitaishia kukuuliza kama umebeba soksi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini. Inua mkono, meza dawa, geukia huku nikuoshe. Hicho hakitoshi kukuambia wewe neno. Soma polepole, kwa sauti, kama ulivyokuwa ukinisomea ulipokuwa mdogo. Nikikosea herufi endelea tu, unajua shule yangu iliishia darasa la sita kule kambini Kigoma, na darasa lenyewe lilikuwa turubai.

Habari za koti na chakula na kunipigia simu nimeziruka. Unazijua zote. Nataka kulijibu lile swali lako la Jumatano.

Jumatano ulisimama mlangoni kwangu nikiwa navaa viatu vya kazi. Ukasema, "Mama, Roy ana jirani yake mwenye bunduki fupi, mtutu wa inchi ishirini. Yuko tayari tubadilishane, yake kwa yangu, bila kuongeza kitu. Roy anataka jibu kabla hajaja. Nibadilishe?"

Mimi nikaendelea kufunga kamba za viatu. Nikasema, "Tutaona."

Ukasema, "Kila kitu chako ni tutaona, Mama."

Nikatoka. Kwenye basi la kwenda kazini viti vilikuwepo na mimi nilisimama njia nzima.

Una miaka kumi na tisa. Leseni ni yako, ulisomea siku mbili na ukafanya mtihani ukapita. Sanduku la chuma lililo kwenye kabati ni lako, funguo unazo wewe, na risasi umezifungia mahali pake mbali na bunduki kama sheria inavyotaka. Hakuna ofisi itakayokuuliza mama yako anasemaje. Ila wewe tangu utoto hujawahi kununua kitu kikubwa bila neno langu, hata ile baiskeli uliyoinunua kwa jasho lako. Mimi nilikuwa najisifia jambo hilo kwa kina tantine, wale mashangazi wa kanisani. Sasa naliogopa kidogo, kwa sababu nimeona neno langu lilikufikisha wapi.

Turudi mwezi wa tano mwaka jana. Ulikaa kiti hikihiki nilichokalia, ukaniwekea simu mbele na picha mbili.

"Hii mtutu wake mrefu, inchi ishirini na sita, tena mnene, mzito. Ni ya kulenga shabaha. Hii nyingine inchi ishirini, nyepesi, ni ya msituni. Siwezi kununua zote mbili. Jodi anasema kama kweli nataka kwenda kwao kuwinda kulungu, nichukue hii."

Jodi nilikuwa nishamjua, mlikutana kwenye kilabu cha shabaha wakati mama yake anafanya kazi hapa mjini, mkawa kama pacha. Nilimpenda kwa kuwa anakula sombe bila kuuliza ni majani gani. Siku ile ndiyo ya kwanza kumchukia.

Nikasema, "Hiyo fupi hapana."

"Kwa nini? Zote ni bunduki, Mama."

"Ukileta hiyo fupi nyumbani kwangu utalala nayo kwenye ngazi za jengo."

Ulicheka. Halafu ukaniangalia usoni ukaacha kucheka. Ukaniuliza sababu nami nikakupa sababu, kwamba ndefu ni imara, ndefu inapiga mbali, ndefu ni bunduki ya heshima. Nilizungumza kama mtu anayejua, mimi ambaye sijui hata risasi inaingilia wapi. Na wewe ukasema, "Sawa, Mama." Ukainunua ndefu.

Sababu yenyewe sikukupa. Nakupa sasa.

Babu yako, baba yangu, alikuwa na gobore. Ni bunduki ya zamani, baruti unaishindilia kupitia mdomo wa mtutu, na mtutu wa lile gobore ulikuwa mrefu kunipita mimi. Tulikaa milimani juu ya ziwa, upande wa Fizi, na nguruwe pori walikuwa wanakuja kufukua mihogo yetu. Baba aliondoka alfajiri na mimi nikamfuata na kifuko cha chumvi, maana akiua mbali nyama ilitiwa chumvi palepale. Kushindilia upya kulichukua muda wa mtu kumaliza ndizi nzima, kwa hiyo hakuwa mtu wa haraka. Alilenga, akashusha, akalenga tena. Mara nyingi tulirudi mikono mitupu na yeye akiimba. Sikuwahi kuliogopa lile gobore. Lilining'inia ukutani juu ya gunia la maharage, kuku wanapita chini yake.

Nilipokuwa na miaka tisa waliingia watu wanne. Bunduki zao zilikuwa fupi, zimefungwa mikanda shingoni, zinacheza tumboni wakitembea. Sisi tulikuwa tunakula. Mmoja akaivua yake akailaza mezani, katikati ya sahani ya sombe na ugali, akavuta kigoda, akala chakula chetu. Mdomo wa ile bunduki ulikuwa umenielekea mimi. Mwenzake akaliona gobore ukutani. "Mzee, hii ni fimbo ya mbuzi?" Wakacheka sana. Akaliegemeza kwenye kizingiti akalikanyaga mpaka mti wake ukapasuka. Halafu wakamwambia baba abebe magunia yao, naye akabeba, na wakaondoka naye. Hakurudi.

Wewe nilikuambia babu yako alikufa kwa malaria. Nilikudanganya, mwanangu. Kwanza ulikuwa mdogo, nikasema nitamwambia akikua. Kisha tukafika huku, ukaanza shule, unarudi na michoro ya theluji na maboga, nikasema kwa nini nimwingizie mambo yale kwenye michoro. Baadaye uongo ukawa umekaa nyumbani kwetu miaka mingi na hata mimi nikauzoea. Lile somo la shule la kuuliza historia ya familia ulipata alama nzuri kwa malaria yangu. Nisamehe.

Basi akili yangu ilijipanga hivyo tangu siku ile. Ndefu ni ya nyama, fupi ni ya watu. Nikiona ndefu namwona baba anaimba. Nikiona fupi naona ile sahani. Hakuna mtu aliyenifundisha hivyo na hakuna duka lolote la mji huu linalozipanga bunduki kwa namna hiyo. Ni mimi tu. Na kwa hesabu hiyo ya kichwani mwangu nilikuchagulia wewe, uliyezaliwa kambini, usiyewahi kumwona yule mtu akila.

Na sikuishia kukuchagulia. Nilikuacha uende nayo peke yako. Mara saba ulinialika kilabuni nije nikuone, mara saba nikasema nina zamu. Mara mbili ilikuwa kweli. Ulipoleta ile medali niliiweka kwenye droo ya vijiko vikubwa, ukaikuta siku unatafuta mwiko, ukafunga droo.

Kanisani nako habari ilivuja. Unamjua Mama Bahati, hajawahi kuona chungu kimefunikwa akakiacha. Alinishika mkono baada ya ibada, mbele ya watu.

"Mama Riziki, ni kweli mtoto wako ana bunduki?"

"Ya kupiga karatasi za shabaha tu."

"Karatasi? Karatasi zimemkosea nini?"

Walicheka wote na mimi nikacheka nao. Lakini neno hilo la karatasi nililipenda. Nikalishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Mtoto wangu anapiga karatasi, karatasi haina damu, karatasi haina mama. Ndefu yako ilikuwa inakufaa kwa hilo, na kocha wako alisema hajaona mkono uliotulia kama wako miaka mingi. Nilijiambia basi, nimemchagulia vizuri, na Mungu ameniunga mkono.

Ukaja mwezi wa kumi na moja, ukaenda kaskazini kwa kina Jodi, siku tano, na fulana ya wawindaji ya rangi ya machungwa. Uliporudi hukuongea. Nilijua kuna jambo na sikuuliza, kwa sababu nilifurahi. Naandika hili kwa aibu. Nilikuona umenyamaza, umenuna, bunduki umeiingiza kwenye sanduku bila kuifuta, na moyoni nikasema asante Yesu, ameichoka.

Ilikuwa karibu na Krismasi ndipo uliposema. Ulikuwa unaosha vyombo, umenipa mgongo, na ulisema kwa Kiingereza, haraka haraka, kama unamwambia dirisha. Kwamba ulikuwa umekaa chini ya mierezi tangu asubuhi. Kwamba kulungu alitokea kushoto kwako, karibu sana, kama kutoka hapa mpaka kwenye lifti. Ulipougeuza mtutu uligonga tawi, theluji ikamwagika, yule mnyama akashtuka, na wewe ukawa umeshavuta. Ukampiga tumboni. Mlimfuata kwa damu, wewe na Roy, mpaka jua likazama. Mlipomkuta alikuwa bado hai na ulilazimika kumpiga tena.

"Alikuwa analia, Mama," ukasema. "Sikujua kwamba wanalia."

Na mimi, mama yako, mtu anayejua kilio kuliko wote kwenye jengo hili, nilisema nini? Nilisema, "Ndiyo maana nilikuambia ubaki na karatasi zako."

Ukafunga bomba. Ukajifuta mikono. Ukasema, "Sawa, Mama," ileile sawa ya siku zote, ukaingia chumbani. Tangu siku hiyo kilabuni hukwenda tena. Kocha alipiga simu mara mbili. Nilimsikia Jodi kwenye spika anakubembeleza na wewe unamwambia mkono wako si mzuri, kwamba watu wengine hawafai tu. Nilikuwa upande wa pili wa mlango na kikapu cha nguo. Ningeweza kuingia. Nikaenda kufua.

Sasa nikuambie habari ya Doreen.

Doreen yuko ghorofa ya tatu kazini kwangu, ana miaka themanini na kitu, miguu imekataa ila mdomo unafanya kazi ya watu watatu. Katokea huko kaskazini unakokwenda, yeye na dada yake waliwinda kulungu miaka mingi baada ya waume zao kufa. Sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba hapendi uji na kwamba anatukana akioshwa nywele. Mwezi uliopita nilikuwa natandika kitanda chake, akaniuliza kwa nini nina uso wa mazishi. Nikamwambia binti yangu anaondoka kwenda kusomea misitu na wanyama. Akauliza wapi, nikataja. Uso wake ukawaka kama taa.

"Atawinda huko?"

"Aliwinda mara moja. Ilienda vibaya."

"Ana bunduki gani?"

"Ndefu. Inchi ishirini na sita."

Riziki, yule bibi alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. "Esta, mpenzi wangu, ulimpeleka mtoto msituni na bomba la maji?"

Nikakasirika. Nikamwambia ndefu inapiga vizuri zaidi, kila mtu anajua. Akasema, "Sawa. Chukua huo mti wa kudekia. Ingia kwenye stoo ya mashuka."

"Doreen, nina kazi."

"Ingia, au nitamwambia muuguzi umenipa biskuti."

Nilikuwa nimempa kweli. Nikaingia. Stoo yenyewe unaijua nilivyokusimulia, rafu kila upande, mtu anapita kwa ubavu. Yeye kakaa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu kama jenerali. "Mti begani. Simama kimya. Kulungu yuko kushoto kwako, geuka!"

Nikageuka. Mti ukagonga rafu, taulo zikanimwagikia kichwani.

"Amekwenda," Doreen akasema. "Ameshafika kwa shangazi yake anahadithia."

Akanipa fimbo yake ya zamani ya kutembelea, ile fupi. "Tena. Kulia!" Nikageuka, fimbo ikapita kati ya rafu bila kugusa kitu, ikaja yenyewe begani. "Kushoto!" Ikapita. Na msimamizi naye akapita, akatukuta, mimi nimeshika fimbo begani na taulo shingoni.

"Esta, kuna nini hapa?"

"Tunapanga taulo," Doreen akajibu. "Na wewe uko mbele ya kulungu, sogea."

Baadaye nilipokuwa namvalisha soksi nilimuuliza taratibu, maana nilitaka kujua kweli. Akanieleza kwa upole, bila kejeli. Ndefu si mbaya, akasema. Ukiwa uwanjani, umelala kifudifudi au umeiegemeza, hakuna anayekuharakisha, ule uzito wa mtutu unatuliza mkono, na risasi inatoka na kasi zaidi kidogo. Kwa karatasi iliyo mbali sana hiyo kasi ina maana. Msituni kulungu anasimama kama kutoka kitandani kwake mpaka chumba cha kulia. Hapo kasi hiyo huihitaji. Unahitaji kuiinua na kuigeuza kabla hajakuona, na kuibeba siku nzima bila bega kufa. "Fupi inapiga sawasawa kama mkono ni sawasawa," akasema. "Tofauti utakayoisikia ni kelele. Fupi inapiga kelele zaidi, inakufokea usoni. Mwambie azibe masikio."

Nikamuuliza, "Basi yule kulungu wa mwanangu, aliyempiga tumboni. Ilikuwa mkono wake?"

Akaniangalia. "Alikuwa wapi?"

"Kwenye mierezi."

"Na lile bomba?"

"Ndiyo."

"Mkono wake haukufanya kosa lolote," akasema. "Nani alimchagulia?"

Nilimvalisha soksi ya pili. Nikasema ni mimi. Akanipigapiga kichwani mara mbili, kwa kiganja, kama mtoto.

Kwa hiyo nimejua tangu mwezi uliopita. Hilo ndilo linalonichosha leo kuliko mgongo. Wewe ulizunguka nyumba hii ukidhani mkono wako ni mbaya, na mimi nilikuwa na jibu mfukoni, nikaenda nalo kazini, nikarudi nalo. Jumatano ulinipa nafasi mlangoni, ukaliuliza swali lenyewe kwa jina lake, na bado nikasema tutaona. Kwa sababu nilijua nikisema ukweli utabadilisha, na ukibadilisha utarudi msituni. Na ukibaki na ndefu, labda utaishia uwanjani na karatasi, salama, karibu nami hata ukiwa mbali. Nilikuwa tayari ujidharau maisha yako yote ili mimi nilale.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nakuandikia kwa kuwa utaishi na watu wanaokupenda, Roy na mkewe na Jodi, na ipo siku mtu anayekupenda atakuambia kitu kwa sauti ya uhakika kama niliyoitumia mimi mezani. Muulize mara ya pili. Mimi ungeniuliza mara ya pili siku ile, nadhani ningelia, na baada ya kulia ningesema. Hukuuliza kwa sababu unaniheshimu. Najua. Niheshimu na uniulize, mwanangu, naweza kujibu.

Kuna kitu kingine ulichosema, zamani kidogo, tukiwa kwenye treni. Ulisema kule msituni kuna kimya ambacho hakikutishi. Sikujibu, nilikuwa nimesinzia, wewe ulidhani hivyo. Nilisikia. Mimi msitu niliujua kwa kukimbia. Mama yangu ananivuta mkono, majani yananipiga usoni, mtu asikohoe. Sikuwahi kudhani damu yangu inaweza kukaa chini ya mti asubuhi nzima, imetulia, inasubiri mnyama, haimsubiri mtu. Nikasema moyoni, kumbe baba yangu hakuisha pale kwenye kizingiti. Wewe unakaa kama yeye. Unalenga, unashusha, unalenga tena. Kocha anashangaa mkono umetoka wapi, na mimi nilijua nikakaa kimya.

Basi jibu langu. Badilisha.

Chukua hiyo ya inchi ishirini. Chukua bila kuniangalia usoni. Ile ndefu ilikupa medali na itampa mwingine medali, iache iende kwa mtu wa uwanjani, si ya kuchukia. Najua unapoteza kitu. Kocha atasikitika, na ukirudi kilabuni Krismasi wale wenye mitutu mirefu watakushinda kwenye karatasi za mbali. Uliniambia mwenyewe huwezi kununua mbili. Lakini unakwenda kukaa mahali ambapo watu hula kulungu msimu mzima wa baridi, na unataka kwenda nao, nimekuona unavyotazama zile picha za Jodi. Usiende na kitu kilichochaguliwa na hofu ya mtu mwingine. Kesho Roy akishuka garini nitakuwa wa kwanza kushuka ngazi, na nitamwambia mimi mwenyewe kwamba tunabadilisha. Nimeshafanya mazoezi ya hiyo sentensi kwenye kioo. Usinicheke nikiikosea.

Siahidi kwamba nitaacha kuogopa. Nikiiona mara ya kwanza huenda nikatoka nje ya chumba. Nikitoka, usiifiche, nisubiri tu, nitarudi. Nina miaka thelathini na sita, Riziki, nilikuzaa nikiwa mtoto, watu hapa wanatudhania dada. Bado nina muda wa kujifunza kukaa na kitu kifupi kisichokuja kuniua.

Maji ya beseni yamepoa na nasikia lifti, labda ni wewe. Neno la mwisho. Kwetu, mwindaji akipata mnyama, kidari kilipelekwa kwa mama yake mzazi kabla ya mtu mwingine kugusa nyama. Baba alikuwa anatembea saa mbili kwa miguu kumpelekea bibi, na bibi akishakila ndipo nyumba nzima inaanza. Asiyetaka mtoto wake awinde alikikataa kidari, na mtoto alielewa. Mwezi wa kumi na moja mwombe Roy akuonyeshe namna ya kukikata, kifunge vizuri kwenye barafu, umpe mtu anayeshuka mjini.

Nitakila.

Mama yako anayekupenda mpaka anakosea,
Esta